Mshale Uliosingizia Injini

Mtu akiniletea gari la zamani na kuniambia linachemsha, swali langu la kwanza si la maji. Namwuliza geji ya mafuta inasemaje. Wengi hucheka. Mafuta na temprecha vinahusiana wapi? Vinahusiana sana, hasa kwenye magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960 na 1970, na Land Rover ya mjomba wangu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, ilinusurika kufunguliwa hedi (kichwa cha injini) kwa sababu ya uhusiano huo.

Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya lita 2.25. Series III zilitoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, na kwa Uganda hiyo ilikuwa miaka ya misukosuko. Ukikuta moja inayotembea bado, jua imepita mikono mingi. Hii ya mjomba ilianzia misheni, ikaenda kwa mnunuzi wa kahawa, ikalala muda mrefu chini ya mwembe, ndipo akainunua. Kila mkono ulioipitia uliacha waya wake nyuma ya dashibodi. Haiuzi. Tangu sheria irekebishwe 2018, magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi kwa kawaida hayaingizwi tena nchini, kwa hiyo mwenye chuma cha namna hii hutunza alichonacho.

Malalamiko yalikuwa haya. Unatoka mjini kuelekea Nakaloke, barabara tambarare, asubuhi hata jua halijakaza, na kabla hamjamaliza kuulizana habari za nyumbani mshale wa temprecha uko kwenye H, alama ya moto; C ndiyo baridi. Mjomba anasimama, anafungua boneti, anasubiri, anataka kuongeza maji ambayo hayajapungua, anaendelea. Gereji ya kwanza ilitoa rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya injini, na kuichokonoa. Ya pili ilibadilisha pampu ya maji na kifuniko cha rejeta. Katikati ya hayo themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, ilitolewa ikatupwa, maana huku kwetu themostati ina kesi ya kudumu: "Hii ni ya Ulaya, Mzee, kwa watu wa baridi. Uganda haina kazi." Mshale haukujali lolote. Hukumu iliyobaki ikawa hedi gasketi, yaani kizibo kilicho chini ya hedi: hedi ifunguliwe, ipelekwe Kampala kuparuliwa kwenye mashine, na spea zitafutwe soko la Kisekka.

Aliyepewa kazi hiyo ni Hajji mmoja wa makamo, makanika mzuri. Mkono wake kwenye valvu na gia siubishii. Ila mafundi wengi wa injini hawapendi mambo ya waya. Waya ni kazi ya "fundi wa umeme", na fundi wa umeme huitwa tu pale gari linapokataa kuwaka. Kati ya hao wawili kuna eneo lisilo na mwenyewe, na geji zinaishi humo.

"Shikamoo, Hajji. Hii gari imewahi kutema maji?"

"Marahaba, Mwalimu. Kutema, hapana."

"Oili imekuwa nyeupe? Moshi mweupe wenye harufu tamu?"

"Hapana. Lakini mshale huu hapa unauona mwenyewe."

Niliuona. Ulikuwa umelala kwenye H, na injini ilikuwa inanguruma kwa utulivu kabisa. Nikashika mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoa maji ya moto kwenye injini. Ukiwa na maji ya nyuzi 80 na kitu huwezi kuushika zaidi ya muda wa kusema bismillahi. Huu niliukumbatia kwa kiganja na kuendelea kuongea. Kwa hiyo ama mshale ulikuwa unadanganya, ama mkono wangu umekufa ganzi.

Hapo ndipo nikatazama geji ya pili. Mshale wa mafuta ulikuwa umepita F, umegonga ukingo. Nikamwuliza mjomba ameweka mafuta kiasi gani. Akasema alimimina jerikeni moja la lita 20 kwenye tangi lililokuwa linaelekea kukauka. Tangi la gari hili huchukua zaidi ya mara mbili ya hapo.

"Hiyo geji ya mafuta iache, mjomba," akaniambia (sisi tunaitana hivyo pande zote mbili). "Hiyo imekuwa ikisema imejaa tangu niinunue. Mimi napima kwa kijiti."

Alikuwa ameizoea. Uongo wa geji ya mafuta haumtishi mtu, ana kijiti chake. Uongo wa geji ya temprecha ndio unaomfanya atoe pesa. Lakini ulikuwa uongo mmoja.

Ndani ya geji za aina hii hamna maajabu. Kuna ukanda mwembamba wa metali mbili zilizoshikanishwa, umezungushiwa uzi wa kupasha moto. Umeme ukipita, uzi unapata joto, metali moja inatanuka kuliko mwenzake, ukanda unapinda na kusukuma mshale. Ndiyo maana ukifungua swichi mshale hauruki. Unapanda pole pole hadi utulie. Umeme huo ukitoka kwenye geji ya temprecha unashuka hadi kwenye sensa iliyofungwa mbele ya hedi, karibu na nyumba ya themostati, kisha unarudi kwenye betri kupitia chuma cha injini. Sensa hubana umeme ikiwa baridi na kuulegeza ikipata moto: mamia ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) asubuhi, makumi machache tu maji yakikaribia kuchemka. Kwenye tangi la mafuta kazi ni hiyo hiyo, isipokuwa anayebana na kulegeza ni boya linalopanda na kushuka.

Tatizo ni kwamba umeme wa gari hautulii. Injini ikiwa imezimwa unapata volti 12 na kidogo. Ikinguruma, jenereta inaipeleka hadi karibu 14. Geji inayopima kwa joto la uzi ingesema jambo moja gari likisimama na jingine likitembea. Kwa hiyo wakaweka stabilaiza: kiboksi kidogo cha bati nyuma ya dashibodi, nacho kina ukanda wake wa metali mbili unaokata na kuunganisha umeme mara kwa mara, ili wastani unaofika kwenye geji uwe volti 10, betri iwe na nguvu au iwe imechoka. Geji ya temprecha na ya mafuta zinakula sahani hiyo moja. Chakula kikiharibika, zinaumwa zote mbili.

Na zinaumwa kwa mpangilio unaosomeka. Stabilaiza ikikatika kabisa, mishale yote miwili inalala chini. Ikinata ikiwa imefungwa, umeme wote wa betri unapita, na mishale yote miwili inapanda kuliko ukweli. Inapanda sana kwa sababu joto la uzi linafuata mraba wa volti: 10 mara 10 ni 100, 14 mara 14 ni 196. Uzi unapata joto karibu mara mbili ya ile iliyokusudiwa, na maji ya uvuguvugu yanasomeka kama yanachemka. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hulalamika kwamba hesabu ya nguvu ya umeme haina faida mtaani. Ningewaleta pale gereji.

Kuna njia ya tatu ya kuharibika, na ndiyo ya kuangalia kwanza kwa kuwa haina gharama. Ule uzi wa kupasha moto ndani ya stabilaiza unarudisha umeme kupitia bodi ya kiboksi chenyewe. Kiboksi kisipogusa chuma vizuri, yaani ethi ikipotea kwa kutu au rangi, uzi haupati moto, ukanda haukati, na matokeo ni yale yale ya kunata: geji zote juu. Tukatoa paneli, tukakwangua chini ya skrubu kwa msasa hadi chuma king'ae, tukafunga tena. Mishale ikapanda vile vile. Nikaomba taa ndogo ya majaribio na kuigusisha upande wa kutokea. Stabilaiza nzima huifanya taa hiyo iwake na kuzima, iwake na kuzima, bila mpangilio wa kupendeza sana lakini unaona. (Mita ya kidijitali hapa inachanganya watu, nambari zinarukaruka na fundi anasema mita ni mbovu.) Taa yetu iliwaka ikatulia. Ikaendelea kuwaka. Hajji akaitazama kwa muda, kisha akaitazama hedi ambayo tayari alikuwa ameandaa spana zake.

Kupata stabilaiza ya asili si jambo la leo na kesho, na hata ukiipata, iliyokaa kwenye kabati miaka 40 nayo ina mashaka yake. Hapa ndipo sipatani na wapenzi wa magari ya kale wanaotaka kila skrubu iwe ya kiwandani. Nilikwenda kwa kijana anayetengeneza simu na redio karibu na mnara wa saa, nikamwomba 7810. Ni kidude chenye miguu mitatu kinachotoa volti 10 zilizonyooka, bei yake haifiki sahani ya wali na maharage. Akaniongezea kapasita mbili ndogo, moja upande wa kuingia na moja upande wa kutoka, ili kisitetemeke. Mguu wa kwanza unapokea umeme unaopitia swichi, wa tatu unalisha geji, wa kati ni ethi, na bati lake la mgongoni limeungana na huo wa kati, kwa hiyo ukilifunga kwa skrubu kwenye chuma cha dashibodi umepata ethi na kipoza joto kwa mkupuo mmoja. Tukaficha kila kitu ndani ya kiboksi kile kile cha zamani. Anayefungua haoni tofauti.

Tahadhari mbili tu. Kidude hiki kinahitaji kama volti mbili zaidi ya zile kinazotoa, kwa hiyo betri ikiwa imechoka na injini imezimwa, geji zitasoma chini kidogo. Injini ikiwaka zinakaa sawa. Na mpangilio huu ni kwa gari ambalo hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuja kinyume, chanya ndiyo kwenye bodi, na ukifunga 7810 humo utatoa moshi badala ya volti.

Tukawasha. Mshale wa mafuta ukashuka hadi chini kidogo ya nusu, mahali unapostahili. Mjomba akachomeka kijiti chake kwenye tangi kuhakikisha, akacheka peke yake. Mshale wa temprecha nao ukapanda kutoka C kidogo, ukasimama pale. Tukaenda Nakaloke na kurudi. Ukabaki pale pale, jirani na C.

"Sasa mmeiua kabisa," Hajji akasema.

Ni hapa ambapo watu wengi hununua sensa. Geji iliyokuwa inasema H sasa inasema C, basi kuna kitu kingine kibovu, tubadilishe. Mimi nilitaka kipimo cha pili kwanza, kitu kisichohusiana na waya za gari hili. Kijana mmoja pale gereji akakimbia kuleta kipimajoto cha bunduki kutoka shule ya jirani, vile vilivyojaa kila mlango wakati wa Korona. Akakielekeza kwenye nyumba ya themostati. Kikaandika "Hi" na kunyamaza. Vile vimetengenezwa kwa paji la uso la binadamu. Juu ya nyuzi 43 hivi havina habari. Vile vya viwandani vinafaa, lakini navyo ukivielekeza kwenye aluminiamu inayong'aa vinasoma pungufu. Bandika kipande cha tepu nyeusi halafu pima hapo.

Tukarudi kwenye njia ya sufuria. Tulitoa sensa injini ikiwa baridi, tukarefusha waya wake, tukafunga waya mwingine kutoka kwenye mwili wa sensa hadi hasi ya betri, kisha tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la makaa, pembeni yake kipimajoto cha maabara nilichokileta kutoka shuleni. Swichi imefunguliwa, injini imezimwa. Maji yalipofika nyuzi 60 nikaweka nukta ya rangi kwenye kioo cha geji. Kwenye 80 nyingine. Yalipochemka kwa fujo nikaweka ya mwisho, nikatangaza 96.

"Maji yanachemka kwa 100," Hajji akasema. "Hicho kipimajoto chako kibovu, Mwalimu."

Yanachemka kwa 100 Mombasa. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 300 hivi zinapunguza nyuzi moja. Kampala ni karibu vile vile. Nimeona mtu akitupa sensa nzima kwa sababu ilisoma 96 kwenye sufuria, naye akasoma kwenye maelekezo ya Kiingereza kwamba lazima ifike 100. Aliyeandika alikuwa ufukweni.

Nukta ya 80 ilikuwa imeangukia katikati ya geji, pale pale inapotakiwa. Sensa ilikuwa nzima. Geji ilikuwa nzima. Kwa hiyo mshale uliolala jirani na C ulikuwa unasema kweli: injini haikuwa inafika hata nyuzi 60, kwa sababu themostati ilishatupwa.

Ushahidi wake hauhitaji hata mita. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, chungulia mdomoni. (Baridi, nasema. Kufungua kifuniko injini ikiwa ya moto kumeunguza watu wengi usoni.) Themostati ikiwepo, maji hutulia kwa dakika kadhaa, kisha ghafla yanaanza kutembea pale inapofunguka. Kwenye gari la mjomba maji yalianza kukimbia sekunde ile ile injini ilipowaka. Hajji alichungulia, akanyanyuka, akajifuta mikono. Hakusema kitu kuhusu Ulaya.

Nikiri kwamba hoja ya "Uganda ni joto" inasikika kuwa na akili. Lakini themostati haijui hali ya hewa ya nje. Inajua maji ya ndani. Ya nyuzi 82 huanza kufunguka hapo, London au Lira. Injini inayotembea chini ya joto lake haiivishi petroli vizuri: matone yanateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili, mvuke wa maji unabaki ndani ya oili na kuifanya tope, na matumizi ya mafuta yanapanda. Kwenye baadhi ya injini zenye njia ya pembeni ya maji, kutoa themostati hata kunaweza kuchemsha gari, maana sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Mjomba alikuwa analalamika pia kwamba gari "linakunywa". Aliona ni tabia ya Land Rover. Kweli ni tabia ya Land Rover, lakini si yote.

Themostati mpya ya 82 tuliipima kwenye sufuria ile ile kabla ya kuifunga. Ikaanza kupasua mdomo ilipokaribia 82, ikafunguka vizuri juu ya hapo. Tukaegesha gari pua ikiangalia juu ya mteremko, tukajaza maji taratibu ili hewa itoke. Hewa iliyonaswa karibu na sensa huleta drama zake zenyewe.

Barabara ya Kapchorwa ndiyo mtihani wa huku. Unatoka tambarare joto, unapita Sironko, halafu mlima Elgon unakuinua hadi Sipi na kuendelea. Mshale ulitulia kwenye nukta ya 80 sehemu yote ya chini. Kwenye kona za kupanda, gia ya pili, malori ya viazi mbele yetu, ukasogea juu ya katikati na kukaa. Mjomba alikuwa anautazama zaidi ya barabara, ikabidi nimwombe tubadilishane usukani. Tulipofika juu ambapo barabara inalegea, ukarudi wenyewe. Hivyo ndivyo geji nzima inavyofanya: inatembea. Mshale usiotikisika kabisa, mlima au tambarare, nauogopa kuliko unaopanda.

Kapchorwa, karibu mita 1,900, maji ya wazi yanachemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta yetu kimeandikwa 9, yaani pauni 9 za shinikizo kwa inchi ya mraba, na kikiwa kizima kinasukuma kiwango cha kuchemka hadi karibu 110 hata kule juu. Kikiwa kimekauka mpira, unabaki na zile 94, nyuzi 12 tu juu ya themostati. Ukisikia kwamba gari fulani huchemsha kila likifika Sipi na halina tatizo Tororo, anza na kifuniko. Fikiria pia mtu mwenye geji inayosema H kila siku na ambaye amezoea kuipuuza. Siku kifuniko kitakapokufa mlimani, mshale utakuwa pale pale ulipokuwa jana.

Kinyume chake kipo, na ndicho kinachoua injini. Sensa inapima inachokigusa. Mpira wa maji ukipasuka na maji yakamwagika, sensa inabaki imening'inia kwenye mvuke na hewa, na mshale mara nyingi unashuka. Dereva anaona gari limepoa, anakanyaga. Kwenye mlima, mshale unaoporomoka ghafla bila sababu ni amri ya kusimama, si habari njema. Nimemwambia mjomba hivyo mara nyingi hadi ameanza kuwaambia wengine kana kwamba ni wazo lake.

Habari zilipozagaa pale gereji, mwenye Peugeot 504 akajitokeza. Watu wa umri wa mjomba wanaiheshimu sana 504. Ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na wazee bado wanabishana ni dereva au ni gari. Malalamiko yake: mshale unapanda vizuri, halafu kwenye matuta unaanguka hadi chini, unarudi, unaanguka. Hajji, kabla sijafungua mdomo, akamwuliza geji ya mafuta inasemaje. Inasema sawa, jamaa akajibu, hata kwenye matuta.

Basi hapo si umeme wa pamoja. Ni upande wa temprecha peke yake. Hajji akahakikisha kwanza kwamba maji yamejaa. Kisha akachomoa waya wa sensa, akafungua swichi: mshale ukalala kwenye baridi, kama inavyotakiwa. Akaugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi tu, kwa kuwa ukiushikilia unaweza kuchoma geji: mshale ukaanza kupanda kuelekea moto. Kwa hiyo geji na waya vinafanya kazi. Ukibaki umelala hapo, waya umekatika njiani au geji imekufa; na mshale ukipanda hata waya ukiwa umechomolewa, waya umechubuka mahali na unagusa bodi.

Ikabaki sensa yenyewe. Ilikuwa imefungwa na bushi ya shaba iliyochongwa kwenye leith (mashine ya kukereza), maana sensa ilitoka kwenye gari la Kijapani na uzi wake wa skrubu haukulingana. Chini ya bushi kulikuwa na tabaka nene la tepu nyeupe ya mabomba. Fundi aliyeifunga alitaka isivuje, na haikuvuja, lakini sensa ya waya mmoja haina njia nyingine ya kurudisha umeme isipokuwa kupitia uzi huo wa skrubu, na tepu ile haipitishi. Sehemu moja ndogo ya chuma ilikuwa inagusa, na kila tuta likiigusisha na kuiachisha.

Tepu tumeitoa, na mshale umeacha kuanguka. Usahihi wake ni suala jingine. Sensa ya gari jingine ina omu zake, na bushi imeiinua nje ya mkondo wa maji, kwa hiyo inasoma pungufu. Mpira wa juu ulikuwa haushikiki na geji ilikuwa haijafika katikati. Mwenye gari anatafuta sensa ya 504 huko Kampala, Ndeeba na Kisekka. Kwa sasa Hajji amempigia nukta za rangi kwenye kioo, kwa sufuria na kipimajoto changu cha maabara, ambacho shule inakidai.